Kabla ya Dripu, Ulizeni Habari za Miguu

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe,
na kwa waganga wa tiba asili wa Bungu na vijiji vya jirani.

YAH: MAUMIVU YA MISHIPA YA FAHAMU KWA WAGONJWA WALIOPEWA DRIPU ZA SARATANI

 

Lugha yetu imewapa nyote jina moja. Anayesaini barua za afya za wilaya anaitwa mganga, na mzee anayeingia msituni alfajiri kuchimba mizizi naye anaitwa mganga. Kwa hiyo nimeandika barua moja. Mgonjwa ninayemzungumzia alipita mikononi mwa waganga wa aina zote mbili, na hakuna aliyejua mwenzake ametoa nini.

Ni mama yangu mdogo. Ana miaka 58. Maisha yake yote ameyaendesha kwa mikono na miguu: amechuma chai, amelima maharage kwenye mteremko ambao mgeni huupanda kwa kushikilia majani. Alipogundulika kuwa na saratani ya titi alipelekwa hospitali moja kubwa, mbali na hapa. Sitaitaja, maana sikuandika kumshitaki mtu, na saratani yenyewe waliitibu vizuri. Alifanyiwa upasuaji, akapewa dripu za kwanza zilizomtoa nywele na kumtapisha, kisha zikafuata dripu nne za dawa iitwayo paklitakseli, moja kila baada ya wiki tatu.

Baada ya ile ya pili, ncha za vidole vya miguu zikafa ganzi. Baada ya ya tatu, ganzi ikageuka moto. Usiku shuka likimgusa unyayo aliruka. Mchana alisema anatembea juu ya changarawe, na sakafu ilikuwa laini. Siku moja alirudi kutoka shambani na lapa moja mguuni. La pili lilichomoka njiani na hakujua. Vifungo vya blauzi vikamshinda. Kuchambua mchele, kazi aliyokuwa akiifanya huku anapiga soga bila kutazama ungo, akaiacha, kwa kuwa vidole havikuweza tena kutofautisha punje na kijiwe.

Hospitalini aliulizwa kama anatapika, kama ana homa, kama anakula. Damu ilipimwa. Habari za miguu hazikuulizwa, naye hakuzisema, kwa sababu wenzake kwenye benchi walikuwa wamemwonya: ukisema miguu inauma watakusimamishia dawa, na dawa ikisimama ugonjwa unarudi. Akanyamaza, akatundikiwa dripu ya nne kwa dozi ileile.

Sasa niseme sehemu yangu mimi. Ilikuwa Julai, mnajua baridi ya huku. Miguu ilimsumbua kutwa nzima, nami nikafanya nililofundishwa na mama yangu na bibi yangu: niliinjika maji, nikatia chumvi na majani ya mkaratusi, nikaleta beseni nimkande. Akatia miguu. Akasema, "Mwanangu, mbona ya baridi? Ongeza." Nikaongeza. Akasema ongeza tena. Mkono wangu ulikuwa umeshika birika. Sikuutia kwenye beseni hata mara moja. Alipotoa mguu wa kulia, ngozi ya wayo ilibanduka. Hakuhisi chochote. Aliniuliza kwa nini nimeziba mdomo.

Kidonda kilichukua miezi mitatu. Muuguzi aliyekuwa akikifunga ndiye wa kwanza kutuambia kwamba hali ile ina maelezo na imeandikwa vitabuni: dripu za saratani zinaweza kuumiza neva, yaani mishipa ya fahamu. Tangu siku ile nimeuliza kila aliyekubali kuulizwa, na nimesoma kadiri macho ya mwalimu mstaafu yanavyoweza.

Neva ndefu kuliko zote mwilini hutoka chini ya uti wa mgongo hadi kidole cha mguu, karibu mita moja. Ndani yake mna vijinjia vinavyosafirisha chakula na kila kitu neva inachohitaji ili iwe hai. Paklitakseli huua seli ya saratani kwa kukaza vijinjia vya namna hiyohiyo ndani yake, seli ikashindwa kugawanyika. Lakini haichagui, vya neva navyo hukazwa. Sisi wa Bungu tunalijua jambo hili bila darasa. Masika barabara ikikatika, kitongoji cha mwisho ndicho kinachokosa chumvi kwanza. Vidole vya miguu ndivyo kitongoji cha mwisho cha mwili, na ndiyo maana ganzi huanzia huko, ikapanda mpaka inapoishia soksi, kisha ikaja mikononi mahali pa glovu.

Dawa nyingine zina tabia zao. Sisplatini, ambayo wanawake wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi hupewa, huumiza seli mama za neva pembeni mwa uti wa mgongo, na maumivu yake huweza kuendelea kuongezeka kwa miezi hata baada ya dripu ya mwisho. Mgonjwa anakuwa ameshaaga daktari wake, ameshapanda basi na bodaboda hadi kwao mlimani, ndipo miguu inaanza. Oksaliplatini, ya saratani ya utumbo mpana, huamshwa na baridi: kushika maji ya mtungi asubuhi ya Juni huwa kama kushika waya wa umeme. Mganga wa Dar es Salaam anaweza asiione hali hiyo kwa sababu ya joto la kule. Wa Bungu ataiona.

Na si wachache. Mwaka 2014 watafiti walijumlisha tafiti 31 zenye wagonjwa 4,179. Mwezi wa kwanza baada ya dripu kumalizika, karibu wagonjwa 68 katika kila 100 walikuwa na madhara haya ya neva. Miezi sita na zaidi baadaye, 30 katika 100 walikuwa bado nayo. Tukitaka kujua wa kwetu ni wangapi, itabidi kwanza tuanze kuwaandika.

Wazee wangu waganga, msidhani nimekuja kuwagombanisha na hospitali. Paklitakseli ni mti. Ilitolewa kwenye gome la mti wa porini wa magharibi mwa Marekani, gome lililochukuliwa kwa uchunguzi mwaka 1962, na ikaruhusiwa kwa wagonjwa mwaka 1992. Vinkristini, dawa kubwa ya watoto wenye saratani ya damu, inatoka kwenye vinka, lile ua la pinki lenye petali tano tunalopanda mbele ya nyumba, ambalo asili yake ni Madagaska. Watafiti wa Kanada waliyachunguza majani yake miaka ya 1950 kwa sababu watu waliyanywa kama chai ya kutibu kisukari. Walichokuta ni kwamba yanapunguza chembe nyeupe za damu, wakafikiria saratani ya damu. Na vinkristini nayo huchoma neva. Hata kwinini iliyolimwa Amani, milima ya jirani, ni gome. Kwa hiyo kilichomponya mama mdogo na kilichomchoma miguu ni mtishamba uleule, uliopimwa dozi yake ikajulikana na madhara yake yakaandikwa. Heshima ninayowaombea ninyi ni hiyohiyo: mpimwe, muandikwe, msikilizwe.

Kuhusu tiba ya maumivu yenyewe, nianze na dawa za hospitali, maana nilitarajia ziwe nyingi. Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilipopitia tafiti zilizopo mwaka 2020, kilibakiwa na dawa moja tu ya kupendekeza kwa maumivu haya: duloksetini, ambayo hutumika pia kwa sonona. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wenye wagonjwa 231, walioimeza waliopata nafuu yoyote ya maumivu walikuwa 59 katika 100. Waliopewa kidonge kitupu walikuwa 38. Ni nafuu ya kiasi. Na mwanamke anayemeza tamoksifeni asiianze bila daktari wake wa saratani kujua, kwa kuwa inaweza kuipunguzia tamoksifeni nguvu. Gabapentini ilijaribiwa kwa wagonjwa 115 wa maumivu haya, haikukipita kidonge kitupu. Amitriptilini ni ya siku nyingi na bei yake ni ndogo. Kwa maumivu ya dripu ushahidi wake ni hafifu, lakini madaktari huijaribu kwa dozi ndogo ya usiku pale ambapo hakuna kingine, wakiangalia moyo, mkojo na kizunguzungu cha mgonjwa. Mama mdogo aliandikiwa hiyo. Usiku wa tano alilala mpaka jogoo akawika. Sisemi huo ni ushahidi. Nasema alilala.

Vitamini B ndiyo tuliyoinunua kabla ya yote, vidonge na sindano, kwa fedha ya magunia mawili ya maharage. Muuza duka alituambia ni dawa ya ganzi. Nadhani najua kosa lilikotoka. Anayemeza isoniazidi ya kifua kikuu hupewa vitamini B6 ili neva zake zisiharibike, na hapo inafanya kazi kweli, kwa sababu isoniazidi hupoteza vitamini hiyo mwilini. Paklitakseli haifanyi hivyo. B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva yenyewe. Mtu anaongeza kuni kwenye moto anaotaka kuuzima. Kama kuna shaka ya upungufu wa B12, upimwe, utibiwe. Vinginevyo maharage yetu yangebaki ghalani.

Wauza virutubisho nao walifika, wakiwa na makopo yenye picha za neva. Kopo moja lilikuwa na asetili-karnitini. Hiyo ilijaribiwa Marekani kwa wanawake 409 wenye saratani ya titi waliokuwa wakipewa dawa za jamii ya paklitakseli, kwa nia njema ya kuwakinga. Matokeo yalitoka mwaka 2013: baada ya wiki 24, walioimeza walikuwa na neva mbaya zaidi kuliko wasioimeza. Natamani kila duka la wilaya hii libandike habari hiyo ukutani.

Sasa mitishamba, na hapa nazungumza na ninyi wazee moja kwa moja, kama mtoto wenu. Mafuta ya karafuu mliyompa sina ugomvi nayo. Karafuu hutia ganzi kidogo juu ya ngozi, na kule kupakwa polepole kila jioni kulifanya mtu mwingine aitazame miguu ambayo mwenyewe haihisi. Mara mbili niliona mwiba kabla haujatunga usaha. Mlonge aliula kama mboga, manjano aliyatia kwenye mchuzi. Sawa. Pilipili ni jambo jingine. Kiini chake, kapsaisini, ni dawa ya kweli ya maumivu ya neva, na nchi nyingine hubandikwa kliniki kwa kipimo na kwa saa maalumu. Pilipili iliyotwangwa na kufungwa kwenye mguu usiohisi itaunguza kama maji yangu yalivyounguza.

Lakini ninaloliogopa zaidi ni chale. Siku chache baada ya dripu, askari wa damu, zile chembe nyeupe, hupungua sana mwilini. Mkato mdogo wa wembe ambao kwa mtu mwenye afya ni kitu cha kupona kwa siku tatu, kwa mgonjwa huyu unaweza kuwa mlango wa kifo. Tafadhali, mtu aliye kwenye dripu msimchanje. Dawa ya kuharisha ya kusafisha damu msimpe pia: sisplatini ni nzito kwa figo, na figo zinahitaji maji yaleyale mnayomtoa. Mizizi michungu ya kunywa wiki ya dripu nayo isubiri. Ini ndilo linalovunja paklitakseli. Kinachoweza kulichelewesha ini huacha dawa nyingi kwenye damu kwa muda mrefu, na miguu ndiyo inayolipa. Hata ninyi mna miiko: mgonjwa wa dawa fulani hali kitu fulani mpaka amalize. Nawaomba mwiko mmoja zaidi.

Kuna mambo yasiyo dawa ambayo yamemsaidia kuliko makopo yote. Viatu vya kufunika mguu ndani na nje, na kuvikung'uta kabla ya kuvaa. Kupima maji kwa kiwiko. Kutembea kila siku na kufanya mazoezi ya kusimama wima akishika nguzo ya baraza, kwa sababu asiyehisi ardhi huanguka. Kushika sufuria kwa kitambaa kinene. Kioo kidogo cha kutazamia nyayo. Huko Kyoto, Japani, walijaribu hata kukinga kabla: mwaka 2018 walichapisha utafiti mdogo ambamo wagonjwa wa paklitakseli walivalishwa glovu na soksi za barafu upande mmoja tu wa mwili wakati dripu inatiririka, na upande uliopozwa ukaumia kidogo kuliko wa pili. Walikuwa wagonjwa 36 tu, na kwa oksaliplatini baridi ni adui. Hata hivyo barafu tunayo, na swali hilo linaweza kuulizwa hapa kwetu.

Ndugu Mganga Mkuu, nimezunguka makusudi ili nifike hapa. Katika yote niliyosoma, kinga inayoaminika ni moja: kupunguza dozi, kuichelewesha au kubadilisha dawa mapema, kabla neva haijafa. Uamuzi huo ni wa daktari wa saratani, awe Ocean Road, KCMC, Bugando au kwingine wanakokwenda watu wetu. Hawezi kuufanya kama hajui. Atajua tu iwapo mtu atamuuliza mgonjwa, tena kwa maneno ya mgonjwa. Msiulize "una madhara ya neva?" Ulizeni: lapa linakutoka bila kujua? Vifungo unafunga? Shuka linakuchoma usiku? Na mumwambie kabla hajajibu kwamba kusema hakumaanishi kunyimwa dawa, kwamba kupunguziwa dozi si kukatiwa matibabu. Mama mdogo angesikia sentensi hiyo moja kabla ya dripu ya tatu, leo pengine angekuwa anachambua mchele.

Naomba karatasi moja iliyokunjwa ndani ya daftari la kliniki. Upande mmoja daktari wa saratani aandike jina la dawa aliyompa na idadi ya dripu, ili mhudumu wa zahanati ya huku asibahatishe. Upande wa pili mhudumu wa huku aandike majibu ya maswali matatu ya miguu na mikono, pamoja na kila mtishamba mgonjwa anaoutumia, bila kumkaripia, naye airudishe karatasi kabla ya dripu inayofuata. Mgonjwa akikaripiwa mara moja kwa ajili ya mitishamba, hatasema tena maisha yake yote. Ataendelea kunywa, atanyamaza. Kwa sisplatini maswali yaendelee miezi sita baada ya dripu ya mwisho. Na naomba muangalie namna ya kuwa na amitriptilini karibu na mgonjwa na duloksetini mahali asipohitaji safari ya siku mbili. Jirani zetu wa Hospitali Teule ya Muheza wana uzoefu wa miaka mingi wa tiba shufaa. Wana mengi ya kutufundisha kuhusu kumfuata mgonjwa mpaka nyumbani.

Msiseme karatasi hiyo ni ndogo mno kubadilisha kitu. Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, wengi walianzia kwenye mchanganyiko wenye stavudini. Tunawakumbuka waliokuwa wakilalamika nyayo zinawaka. Malalamiko ya namna hiyo, ya hapa na ya nchi nyingine, yaliandikwa, yakahesabiwa, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi ziiache dawa hiyo polepole. Wilaya hii nayo si mgeni wa utafiti. Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyopima chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009, kwa watoto 15,459, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Mama zetu walikubali watoto wao waandikwe, wapimwe, wafuatwe nyumba kwa nyumba kwenye utelezi. Watu hao hao wanaweza kuulizwa habari za miguu yao.

Mwisho naomba kikao. Halmashauri ina mratibu wa tiba asili, na tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 waganga wa jadi wanatambulika kisheria. Hakuna sababu ya kukutana kwa kificho. Mganga Mkuu aje, au amtume mtu, wazee waje na mizizi yao waitaje kwa majina. Kila upande useme unachompa mgonjwa wa saratani na siku unayompa.

Nimemsomea mama mdogo barua hii neno kwa neno kabla ya kuituma. Amefuta sentensi mbili na amesema nyingine zibaki, hata ile ya beseni. Kwenye kikao atakuja. Ameomba apatiwe kiti chenye mgongo, karibu na mlango, na viatu atavivua mwenyewe ili wote muuone wayo wa kulia. Asubuhi za Jumamosi ndizo zinazomfaa. Siku hiyo hailazimu aamke mapema kwa ajili ya wajukuu wa shule.

Nasubiri tarehe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Bungu, Korogwe